Rozari ya Kupoza Injini

Injini iliyochemka ina harufu yake, na aliyewahi kuinusa haisahau: mpira uliobabuka, mafuta ya kale, na mvuke wenye ladha ya kutu, kana kwamba mtu ameunga mchuzi wa misumari. Mimi niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, mlimani kati ya Munigi na Kibumba, asubuhi ya Jumamosi moja mwishoni mwa msimu wa mvua. Naapa harufu ile ilifika Bunagana sisi tukiwa bado tumekwama, ikavuka mpaka wa Uganda bila kuulizwa karatasi. Hata leo, nikipita penye gari lililoinuliwa boneti, pua yangu inanirudisha pale juu, kwenye ukungu na mawe meusi ya volkano, na moyo wangu unaanza kupiga kama wa mtoto aliyefanya kosa.

Msimu ule wote nyumba yetu ya Goma iliishi kwa ajili ya arusi ya shangazi yangu Kavira, ambaye sote tulimwita Tantine. Mchumba wake alikuwa mwalimu huko Kiwanja, mtu mpole mwenye shingo ndefu. Arusi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya msiba, mara ya pili kwa sababu barabara ilifungwa. Padri wa Kiwanja alikuwa ametoa siku ya tatu na kusema wazi: misa ni saa nne, ndoa tano kwa pamoja, na baada ya hapo anapanda pikipiki kwenda vigango vya milimani ambako angekaa miezi miwili. Bibi yangu Koko, mama yake Tantine, alikuwa haogopi kitu duniani isipokuwa midomo ya majirani. Kila jioni alirudia neno moja: “Ya tatu nayo ikivunjika, watu watasema Mungu ndiye hataki.” Tantine aliinamia shela yake na kufumua mshono aliokuwa ameushona punde.

Wazazi wangu walitangulia Ijumaa na sufuria za chakula. Sisi tuliobaki tulikuwa watu watano: Koko, Tantine, baba yangu mdogo Tonton Paluku, dereva wetu Muzee Anselme, na mimi. Gari lilikuwa pickup nyekundu ya petroli, kuukuu kiasi kwamba nadhani Nuhu aliikataa safinani kwa kelele zake, lakini Muzee Anselme aliipandisha mlima ule kila wiki ikiwa imebeba simenti. Kazi ya kuipamba nilipewa mimi. Jamani, niliipamba! Nilikata kipande cha turubai jeupe, nikaandika majina ya maharusi kwa rangi nyekundu, nikashona maua ya bugenvilia na riboni pembeni zote, kisha nikakifunga mbele ya gari kwa mipira ya tairi, kikabana kama ngozi ya ngoma. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Tonton alisema hata gavana hajawahi kupandishwa gari kama lile. Muzee Anselme mwenyewe alilizunguka, akapiga mluzi, akasema, “Masika, mutoto wangu, hii gari sasa iko na sura kuliko mwenyewe.” Usiku sikulala kwa majivuno.

Kwa hiyo fikiria nilivyokuwa pale mlimani, mshale wa joto ulipofika kwenye nyekundu, mvuke ukapaa kama jungu la maharage, na gari likakohoa mara mbili na kunyamaza. Muzee Anselme aliteremka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akarudi kujaribu ufunguo. Injini ilizunguka, kwe-kwe-kwe, lakini haikuwaka. Tonton Paluku, ambaye alikuwa muuza viatu na kwa hiyo fundi wa kila kitu, alianza kutoa hukumu: mara petroli imechanganywa maji, mara betri imechoka, mara ni jirani fulani mwenye jicho baya. Alipoona hakuna anayemwitikia alishika bidoni la maji na kuelekea kwenye boneti. Sijawahi kuona mzee akiruka namna ile. “Paluku! Acha hayo maji! Ukimwaga baridi juu ya moto huo, moteri itapasuka pa! na arusi itakuwa ya miguu.”

Kisha akafanya kazi yake, polepole, kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa. Alichomoa kijiti cha mafuta, akakifuta, akakitazama kwenye mwanga. “Kama mafuta ingekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji imeingia ndani, tungetafuta pikipiki. Lakini iko nyeusi. Aksanti Yesu.” Akalala chini kutafuta tone la maji, hakuna. Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole, umekaza. Zilibaki rejeta yenyewe na kifuniko chake, na hapo ndipo alipomgeukia bibi yangu na kusema maneno ambayo mgeni angedhani ni mzaha: “Mama, sasa musali.” Muzee Anselme alikuwa Mprotestanti wa damu, lakini alikuwa amembeba Koko na maharage yake miaka mingi, na alikuwa amegundua kwamba rozari moja ya bibi yangu, mafungu yote matano bila kuruka hata Salamu Maria moja, ndio muda hasa unaohitajika ili kifuniko cha rejeta kifunguliwe bila kumuunguza mtu uso. “Saa ya mukono inanidanganya,” alisema. “Mama huyu hapana.”

Tukapiga magoti kwenye changarawe, Tantine akiwa ameinua gauni lake jeupe hadi magotini na kulikunja kama mtu anayevuka mto. Koko aliongoza, sisi tuliitikia, na Muzee Anselme akawa anazunguka gari lake mikono mgongoni, akijisemea. Fungu la kwanza likaisha, la pili likaisha. Katikati ya la tatu nilimsikia akisema, si kwa mtu yeyote: “Wiki iliyopita ilipanda hapa na simenti, haikukohoa. Leo iko na watu watano na maua. Nini ilibadilika?”

Nilijua papo hapo. Tulipokuwa tukipanda, upepo wa mlima ulikuwa ukipiga turubai langu hata likabonyea ndani kama tumbo lenye njaa, na nyuma ya turubai lile ndipo rejeta inapovutia pumzi. Nilikuwa nimeliziba gari pua. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hawakusema mtu afanye nini ikiwa mkakasi ni wake na sifa alikwishazila. Muzee Anselme alipita mbele ya maua yangu mara ya tatu na hakuyaona. Sote tulikuwa tumeyasifu, na kitu kilichosifiwa hakuna anayekikagua. Basi nilinyamaza. Fungu la nne lote nilinyamaza, nikiitikia kwa sauti kubwa kuliko padri, na kila tulipofika “utuombee sisi wakosefu” nililiruka neno la mwisho. Nilimtazama Tantine. Alikuwa amefumba macho na machozi yanapita katikati ya poda, mistari miwili, bila kelele. Mficha maradhi, kifo humuumbua; hapa maradhi yalikuwa yangu, na kifo kilikuwa cha arusi yake. Koko alipovuta pumzi kuanza la tano, nikasema, “Ni mimi.”

“Wewe nini?” aliuliza Tonton.

“Ni maua. Yanaziba upepo.”

Muzee Anselme alisimama kama aliyepigwa kofi. Akaweka kiganja chake katikati ya turubai, akakivuta upesi kwa joto na kutukana kwa Kinyarwanda. Nilisubiri kupigwa. Tantine akainuka, akaja mbele ya gari, akafungua mipira moja baada ya nyingine kwa vidole vyake vya hina, kisha akanigeukia na uso wake wenye mistari. “Masika,” alisema, “ulinipendezesha mupaka moteri ikachemuka.” Na akacheka, kicheko kilichokatika katikati, nami nikalia kwa niaba ya ukoo mzima.

Upepo wa Kibumba ulifanya mengine. Muzee Anselme alieleza kwamba petroli nayo ilikuwa imechemka ndani ya bomba lake na kugeuka mvuke, ndiyo sababu injini ilizunguka bila kuwaka. Akaomba kitambaa cha kichwa cha Koko, akakilowesha, akalivisha bomba hilo kama mgonjwa wa homa. Fungu la tano lilipokwisha alifungua kifuniko, akamimina maji kidogo kidogo, na gari likawaka. Tulifika Kiwanja padri akiwa amevaa kofia ya pikipiki, mkoba wake umefungwa nyuma. Alimtazama Tantine, akatutazama sisi, akavua kofia. Ndoa ilifungwa uani kwa kanisa, pickup ikinguruma kando kwa sababu Muzee Anselme hakuthubutu kuizima, na bwana arusi alilazimika kusema “ndiyo” mara mbili ili isikike.

Leo Muzee Anselme amekwishatangulia, na kwa vita vilivyopo safari ya Kiwanja si ya mtu kuamua asubuhi na kuondoka. Mimi nilimalizia sekondari kwenye madarasa ya jioni, mtihani wa jiografia nikiufanya na mtoto mgongoni, na sasa natengeneza vyerehani hapa Goma, mtaa wa Birere. Kila anayeleta mashine namuuliza lile swali la mlimani: nini ilibadilika? Linafanya kazi kuliko bisibisi. Lakini mwezi uliopita fundi mmoja wa kushona sare za shule alirudisha mashine niliyoitengeneza, inavunja sindano. Nililaumu uzi. Nililaumu kitambaa, umeme, vumbi la Goma nzima. Siku ya tatu yule dada akanitazama kwa upole akauliza, “Mama Masika, si wewe hutuuliza kila mara nini ilibadilika? Kilichobadilika ni kwamba ilipita kwako.” Nilikuwa nimekaza skrubu moja kupita kiasi, na nilikuwa nimeiona siku ile ile aliyoirudisha. Nikiwa na miaka kumi, sina cheti chochote, ilinichukua fungu moja la rozari kusema ni mimi. Safari hii, na diploma ya sekondari ikiwa imetundikwa ukutani, ilinichukua siku tatu.