Beringi Siku ya Hina

Dadangu Nabiha ana kichwa kigumu, na mie ndiye niliyezaliwa nikamfuata, kwa hivyo taabu yake naijua kuliko mtu yeyote. Hukodisha masufuria ya harusi na ya matanga, na lori dogo la kuyabeba aliachiwa na marehemu mumewe. Hajapata kumchelewesha mtu hata siku moja.

Siku ya pili ya Idi, kesho yake tukimuoza binti yake Zoya, nilimkalisha dada uani kwake, mtaa wa Mbaraki, nikamchora hina viganja vyote viwili. Saa mbili nzima nimeinama, mgongo wanikata. Kuchora hina ndiyo kazi yangu, na jina langu ndilo linilishalo. Nikamwambia, "Sasa keti, usiguse kitu mpaka magharibi."

Hata hina haijaanza kukauka, mwanawe Sufyan, aliyekuwa ashike usukani siku hiyo, akarudi na lori na masufuria yote juu. "Mama, gurudumu la mbele languruma, tena lacheza. Nimeogopa kufika nalo mjini."

Masufuria yalikuwa yamekodiwa na Bi Mwanakuu, mjane wa Mji wa Kale, aliyekuwa akimuoza bintiye jioni ile. Mchele umekwisha kurowekwa, wapishi wamekaa wangoja. Mafundi wote wamekwenda kula Idi, na malori mengine yamekwisha kukodiwa.

"Ni beringi ya ndani ya gurudumu imekwisha," dada akasema. "Mpya ninayo kabatini."

"Basi mwelekeze Sufyan kwa mdomo," nikamwambia.

"Kukaza nati yake hakuelezeki. Ni mkono ujuao." Akainuka, akaenda mferejini, akaiosha hina yangu yote. Wallahi nilitamani kumpiga. Mama wa bibi harusi na hina isiyokolea, si maneno ya mwezi mzima hayo? Nikamwambia hana haya wala huruma. Yeye alikuwa akitafuta jeki.

Nikakaa barazani nimenuna, lakini macho hayakunitii. Alilitoa gurudumu, akaigonga beringi kuukuu taratibu mpaka ikatoka, imechubuka kama jino bovu. Akapangusa kila pembe. Kisha akamimina grisi kiganjani, papo hapo nilipomchorea ua, akaisukumiza beringi mpya ndani yake, tena na tena, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili. Akaipachika, akalirudisha gurudumu, akakaza nati huku akilizungusha, akailegeza kidogo, akasikiliza, akaikaza tena kidogo tu. Sufyan alikuwa ameshika taulo. Mie nikajikuta nimesimama, na hasira sijui imekwenda wapi. Nilimpenda dadangu saa ile hadi nikaona uchungu.

Akaendesha mwenyewe, nami kando yake. Gurudumu halikutoa sauti. Alasiri ikiadhiniwa masufuria yalikuwa mlangoni kwa Bi Mwanakuu, na moto ukawashwa.

Bi Mwanakuu akamshika dada mikono yote miwili kumshukuru, wanawake wakaiona: rangi ya chungwa iliyopauka, maua yamekatikakatika, kucha nyeusi kwa grisi. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika hasa, ni nani aliyemharibu mama wa harusi ya kesho namna hii.

Dada alifungua kinywa ili anikinge. Nikamtangulia.

"Ni mimi niliyemchora," nikasema. "Na kesho atakaa mbele na mikono hii hii."