Petunia za Muaither

Mtu asiniletee petunia. Niliwahi kuzitunza kwa mikono hii katika bustani ya maua ya nyumba moja ya Muaither, Doha, na mpaka leo nikiziona nasikia hamu ya kumtusi mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Mwaka ule, mwezi wa pili, dada yangu alinipigia simu kutoka nyumbani Kenya. "Njoo mapema," aliniambia. "Mama ameanza kusahau watu. Juzi alimwuliza mjomba ni nani. Wewe bado anakutaja." Nikamwendea madamu, nikaomba likizo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliniangalia, akaangalia bustani, akasema: "Maua yakiisha, unaenda."

Nilimwelewa. Kule majira ya maua ni mafupi, na wiki hizo wanawake wa ukoo wake walikuja kila alasiri kukaa bustanini, mikeka chini, chai na kahawa, watoto wakikanyaga kila kitu. Nani angewaandalia? Joto likifika maua yanakauka, wageni wanahamia ndani kwenye kiyoyozi, na mimi napanda ndege. Mwisho wa mwezi wa nne hivi. Nikamwambia dada, "Mwambie mama nakuja."

Sasa sikia ujinga wangu. Kabla ya Doha nilifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya maua, Naivasha. Huko ukiacha ua lililonyauka kwenye shina, supavaiza anakufokea mbele ya watu mpaka unatamani ardhi ikumeze. Mkono ukazoea. Kwa hiyo kila asubuhi nikimwagilia, vidole vilikuwa vinachuma yaliyonyauka vyenyewe, hata sijafikiri. Na petunia ukiiondolea maua yaliyozeeka kabla hayajafunga mbegu, inachanua tena. Hilo nalijua vizuri sana! Nilipoona majani yameanza kuungua kwa jua la mchana, nikayatundikia shuka kuukuu iyakinge. Nani alinituma? Hakuna. Madamu akaja, akashangaa, akawaita wageni waone: zambarau, nyekundu, nyeupe. "Mkono wako una baraka," akasema. Na mimi nikafurahi. Aki nilifurahi.

Aliyenifungua macho ni dereva wa nyumba, Mganda mmoja mcheshi. Mwezi wa tano ulikuwa umeshaanza. Alinikuta nimechuchumaa chini ya shuka yangu, akacheka. "Nyabo, bibie, bustani za majirani zote zimekauka. Hii yetu bado iko harusini. Kwani wewe hutaki kwenda kwenu?"

Woi! Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Niliitoa ile shuka, nikaacha kuchuma, nikapunguza maji. Siku ya pili tu madamu akaona. Akaniuliza mbona nimechoka na bustani, wakati wageni wote wanaisifia. Akaniamuru nirudishe shuka na nimwagilie mara mbili. Wiki zikapita hivyo, petunia zimenenepa, dada akipiga simu simpi jibu la maana. Asubuhi moja nilishika shina kwa nguvu, nikitaka kuzing'oa zote, liwalo na liwe. Nikashindwa. Wala si kwa kumwogopa madamu. Nilishindwa tu kung'oa kitu kinachochanua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Zilikauka katikati ya mwezi wa sita, na madamu alitimiza neno lake siku hiyohiyo.

Nilimkuta mama amekaa nje ya jikoni, kitambaa kichwani, msafi kama kawaida yake. Nikapiga magoti, nikamwita. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza safari ilikuwaje, akanipa pole ya uchovu. Moyo wangu ukatulia. Kisha akamgeukia dada yangu, akamnong'oneza kwa adabu, nisisikie:

"Huyu mgeni amepewa chai?"