Kibuyu cha Bibi Hhawu

Kibuyu cha maziwa kilichofukizwa vizuri kwa moshi hakipotezi harufu yake. Hiki walichokiweka katika nyumba ya makumbusho ya Bibi Hhawu, hapa kijijini Daudi, kinanuka vanishi. Wamekinunua mnadani, nina hakika, maana cha kwake kilivunjwa nikiona kwa macho yangu.

Ukutani wameandika kwamba alikuwa jasusi. Ni kweli. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akiwa msichana, aliwauzia Wajerumani maziwa kambini, na kwa kila hema aliloliona alifunga fundo kwenye kamba ya kibuyu. Kamba hiyo iliwafikia Waingereza. Alikamatwa, akachapwa viboko, hakusema kitu. Wasichoandika ni kwamba alirudi nyumbani na mimba isiyo na mume, na kwa mila zetu mwanamke wa namna hiyo alitengwa: moto wake hauombwi, maziwa yake hayanywewi, ng'ombe wa watu wasije wakafa. Mtoto alifariki akiwa mchanga, lakini mwiko ulibaki hadi uzee wake. Hata sisi wa kanisani tuliupita mlango wake kwa mbali.

Mimi nilikuwa na miaka minane, mlafi wa kupindukia. Siku moja mvua ilinikuta karibu na mlango wake nikitoka shule, nikamwamkia, akaniita ndani. Nilikunywa maziwa ya kibuyu chake mpaka nikaota masharubu meupe.

"Usimwambie mtu, mjukuu wangu," alisema.

Nikawa napita kila siku. Alinifundisha yale mafundo, akacheka nilipokosea. Hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye.

Kisha ndama wetu akafa. Baba akatuuliza sisi watoto, "Nani amekunywa maziwa ya yule bibi?" Nikasema ni mimi.

Kesho yake wazee walikivunja kibuyu mlangoni pake. Nilisimama nyuma ya baba. Bibi aliokota vipande, kimoja kimoja. Tangu hapo nilipita bila shikamoo.

"Mjukuu, hunisalimii siku hizi?" aliniuliza mara moja. Nikakimbia. Alikufa msimu wa palizi, akakutwa siku ya tatu.

Leo mwongoza wageni, mtoto wa mmoja wa wazee wale, anasema Bibi alipendwa na wote. Nilitaka kumsuta. Ningemsuta kwa mdomo upi? Bibi alichapwa viboko na hakusema. Mimi niliulizwa mara moja tu, na baba hakuwa ameshika hata fimbo.