Kiganja Juu ya Injini

Tulipofika Sindo kununua injini ya boti, shemeji aliniambia nikae kule wanakoanika omena, wale dagaa wa ziwani, wanaume waikague injini. Kwa injini ya kwanza nilikaa. Ufukweni kwetu mwanamke anaweza kumiliki boti, lakini injini haigusi. Mume wangu aliinunua Karungu nikiwa nimesimama mbali hivyo hivyo. Iliwaka kwa mvuto mmoja, wakashangilia. Hakuna aliyeuliza kama muuzaji alikuwa ameingurumisha tangu asubuhi. Injini mbovu ikiwa na joto huwaka kama mpya. Ikipoa, imelala.

Ilimlalia ziwani, karibu na kisiwa cha Remba. Waliizima wavute nyavu, ikapoa, upepo ukaanza. Mwenzake aliyeokolewa alinieleza kwamba mume wangu alivuta ile kamba ya kuwashia akisema, "Bado kidogo, bado kidogo," mpaka wimbi likawapindua. Boti ilipatikana. Matangani watu wakasema ziwa limemchukua. Ziwa! Kuna mtu aliyemuuzia kile chuma, na anakula samaki mpaka leo.

Sasa shemeji, ndugu yake, ndiye angeingia ziwani na boti ile ile. Kwa hiyo pale Sindo sikukaa kwenye omena. Nilienda moja kwa moja na mtoto mgongoni, nikaweka kiganja juu ya injini.

"Mama, hiyo si sufuria," muuzaji akasema. Vijana wakacheka.

"Lakini ina moto kama sufuria. Umeipika tangu saa ngapi?"

"Nilikuwa naipasha kidogo tu."

"Basi tutangoja ipoe."

"Shem, unaniaibisha," shemeji akaninong'oneza.

"Aibika hapa hapa, nchi kavu."

Nikaketi ukingoni mwa boti ya muuzaji, nikanyonyesha. Waliongea walivyotaka. Mmoja akauliza kama nitaionja na chumvi pia. Nilipoigusa tena ilikuwa baridi.

"Omera, ndugu yangu, vuta," muuzaji akamwambia shemeji.

Akavuta. Kimya. Akavua shati, akavuta tena, na mabega yake ni yale yale ya ndugu yake. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Ni mafuta hayo," muuzaji akasema. "Vuta tu, itashika."

"Wacha," nikasema.

Shemeji hata hakugeuka. Jasho linamtiririka, kamba ameikaza mkononi.

"Bado kidogo, shem."

Nilimnyang'anya ile kamba. Nikalia mbele ya wanaume wote, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na muuzaji aliponiomba niiachilie sikuiachilia mpaka shemeji alipovaa shati lake.