Rejeta Mpya na Kopo la Vifungo

Baba alituachia gari moja ambalo ukoo mzima ulilichukia, isipokuwa mama na mimi. Ni gari la Kijapani la milango miwili, jeupe, la kukaa chini sana, lenye turbo inayopiga mluzi ukikanyaga mafuta. Alilinunua likiwa limeshazeeka, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na siku hiyo alilizungusha mtaa wetu wote wa Gasenyi, hapa Bujumbura, mpaka majirani wakachoka kupunga mikono. Kununua gari la mbio katika mji wenye mashimo kama ya kwetu ni wazimu, nakubali. Lakini kila mtu ana wazimu wake, na mimi wa baba niliupenda.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: halikupanda mlima. Ukilikamatisha barabara ya kwenda Bugarama, kule ambako waendesha baiskeli hushika mkia wa lori wavutwe juu, mshale wa joto ulipanda kabla ya gari lenyewe. Baba aliipeleka rejeta kuchomelewa kila mara, ikawa na viraka vingi kuliko kaptula ya mchunga mbuzi, na bado ilichemsha maji.

Siku bibi alipofariki kule kwetu Muramvya, baba na mama waliondoka alfajiri na gari hilo. Likachemka kwenye kona moja katikati ya mlima. Wakaomba maji kwa wanawake wanaouza karoti kando ya barabara, likapoa, wakaenda kidogo, likachemka tena. Walipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa juu ya kaburi. Baba mkubwa, kaka yake baba, hakutaka kusikia maelezo. Alisema gari la mbio haliwezi kushindwa na mlima ambao malori ya ndizi yanaupanda, na kwamba mdogo wake amekawia mjini kwa makusudi, kwa sababu anaona haya kuzika kishamba.

Tangu siku hiyo hakunywa tena na baba. Kwetu watu wa ukoo mmoja huinamia chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, na anayekunyima chungu amekunyima udugu. Baba alipanda basi mara nyingi kwenda kumwomba radhi. Alikaribishwa kiti, akapewa chakula, akaulizwa habari za watoto, na chungu kikapitishwa upande mwingine. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Baba alikufa hajakionja.

Matanga ya kwetu hayaishi kwa kuzika. Huja siku ya kuganduka, ukoo unapokusanyika kuvua msiba, na siku hiyo ndipo husemwa mali ya marehemu inakwenda kwa nani. Siku yetu ilipokaribia, baba mkubwa alituma ujumbe kwamba amepata mtu anayetaka injini ya lile gari, kilichobaki kitakuwa chuma chakavu. Mama, ambaye habishani na mtu, akajibu kwamba tutakwenda kwenye kuganduka na gari hilo hilo. Baba mkubwa akasema haya, njooni nalo. Likifika kwa magurudumu yake ni lenu, likifika limevutwa na kamba, mnunuzi yupo anangoja. Gari lisilofika nyumbani si mali ya nyumbani.

Nilimwambia mama ukweli wangu, maana ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia, "Likipanda, si ndiyo atasema lilikuwa linaweza siku zote? Si ndiyo atasema baba alidanganya?" Mama aliendelea kuchambua maharage. Halafu akasema anajua, lakini yeye anataka kupita kwenye ile kona akiwa amekaa pale alipokaa siku ile, na mengine atamwachia Mungu. Nikaona aibu, nikaenda kutafuta rejeta.

Niliipata kwenye mtaa wa maduka wa Kartye Aziatike, kwa mzee mmoja wa Kiarabu ambaye ukoo wake unauza vipuri hapa mjini tangu enzi za babu zake. Ilikuwa ya alumini, nene, haikutengenezwa na waliotengeneza gari letu bali na watu wengine wanaounda vifaa vya magari ya mbio. Kijana mmoja aliiagiza akahama nchi kabla haijafika, ikabaki juu ya rafu ikila vumbi. Mzee aliipangusa kwa upindo wa kanzu yake, akauliza ni ya gari gani, na alipojua ni la nani akaniambia alikuwa akimwona baba akipita na kucheka peke yake ndani ya gari. Alinifungia kwa gazeti na kamba kana kwamba napeleka zawadi ya harusi. Namshukuru mpaka leo.

Fundi alikuwa yule yule wa baba, mtu wa mtaa wa Buyenzi, ndevu zimeshaingia mvi. Kifaa kisicho cha asili, asikudanganye mtu, hakikai chenyewe. Unene wake uliigusa feni ya injini, kwa hiyo feni ikatolewa na kofia yake yote, zikafungwa feni mbili nyembamba za umeme. Midomo ya kuvalia mipira ya maji haikulingana na ya zamani, ikabidi tutafute mipira mingine. Vishikio vya chini vilikatwa na kuchomelewa upya, na chini yake fundi akalaza vipande vya mpira alivyovichonga kutoka tairi bovu, ili mashimo yetu yasiipasue. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu na kumuuliza maswali mpaka akaniomba kwa adabu nikanunue chai.

Tukaijaribu kwenye mlima wa Kiriri. Petroli wakati huo ilikuwa ya kusimulia. Watu walisukuma magari kwa mikono kwenye foleni za pampu ili wasiwashe injini bure. Yetu tulikuwa tumeikusanya haba na haba, na sehemu kubwa yake majirani walitufyonzea kutoka kwenye magari yao, kila mtu na chupa yake, wakisema ni mchango wa kuganduka. Kila tone la kujaribia lilikuwa tone la safari. Tulipanda kati ya kuta za nyumba za wakubwa, turbo ikapiga mluzi, na kabla hatujafika juu mshale ulikuwa kwenye nyekundu.

Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mlinzi wa nyumba moja alitoka kuangalia, akarudi ndani.

Fundi alishuka. Alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta, kisha chini yake. Akaurudisha mkono pale chini mara ya pili.

"Gusa hapa," akaniambia. "Chini iko baridi. Maji haipiti huku."

Injini inachemka, na rejeta mpya baridi kama mtungi. Ndipo akanieleza, huku haniangalii usoni. Gari lina kidude cha shaba ambacho wao wanakiita kalorostati. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, ikipata moto huifungua, na hapo hapo huziba kinjia kingine cha mkato. Mafundi wa hapa mjini walikuwa wakikitoa kwenye kila gari linaloingia, kwa sababu nani anahitaji kifaa cha kutunza joto katika Bujumbura? Magari mengi yalivumilia. Lakini kwenye injini kama hii, ukikitoa, kinjia cha mkato kinabaki wazi, na maji mengi yanazunguka yakirudi injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare huoni kitu. Kwenye mlima yanachemka.

"Ni mi nilikitoa," akasema. "Muzee wako aliniambia toa, na mi nikatoa. Tulikuwa tunatoa mu magari yote. Sikujua, dada."

Miaka yote ile ya kuchomelea viraka, na kasoro haikuwa kwenye rejeta kabisa. Ningeweza kumkasirikia. Nilimtazama mtu mzima amesimama mbele yangu anajishtaki bila kuulizwa, hasira ikakosa pa kukaa.

Tulizunguka maduka yote tukikitafuta kidude hicho. Kwa injini ile hakuna aliyekuwa nacho. Walitupa vilivyofanana, kimoja kidogo, kingine kikubwa. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mama kwamba safari imekufa kwa kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Mama akaniuliza kina umbo gani. Nikamchorea mezani kwa kidole. Akainuka, akaleta kopo lake la vifungo, lile la biskuti ambalo tangu utoto wangu nilikatazwa kulichezea, akachakura chini ya sindano na nyuzi, akatoa kidude cha shaba kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Si hii?" akasema. "Baba yako aliileta siku ile walipoitoa. Akaniambia kitu ya gari haitupwe, chunga. Mi nikachunga."

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akikitumia kukandamiza karatasi za mitindo ya kushona.

Fundi alikuja mwenyewe Gasenyi kukipima, na kipimo chake kilimfurahisha mama kuliko yote: tukakitia kwenye sufuria ya maji juu ya imbabura, tukachochea makaa. Tulikiinamia watatu. Maji yalipoanza kutetema, kidude kikafunguka taratibu, kama mdomo wa mtoto anayeona kijiko cha uji. Tulipokitoa kikajifunga. Mama alitaka kukiona tena, tukarudia, na mara ya pili alilia. Nami nililia, na fundi akasema moshi wa imbabura ni mbaya sana.

Asubuhi ya safari, kidude kikiwa kimesharudi mahali pake kwenye injini, baba mkubwa alikuwa mjini na gari lake la mizigo, ameshuka kuchukua vinywaji. Alikuwa amepakia na madumu ya maji. Alisema atatufuata nyuma, na sikuhitaji kufasiriwa: alitaka kuiona aibu yetu kwa macho yake. Fundi alikuwa aje nasi, lakini dakika ya mwisho akasema kiti chetu cha nyuma ni cha paka, heri apande kwa baba mkubwa. Nilimwonea huruma.

Tulipanda. Mshale ulifika katikati ukasimama, na mimi nikauangalia kuliko barabara mpaka mama akanikemea. Tuliwapita waendesha baiskeli wanaoning'inia kwenye lori. Kwenye kona moja yenye marundo ya karoti zilizooshwa, mama aliweka mkono juu ya dashibodi, akasema, "Ni hapa." Sikusimama. Alishusha kioo akawapungia wale wanawake, nao wakapunga, ingawa hawakumjua. Bugarama tulikuta ukungu na baridi, na mshale ulikuwa pale pale katikati.

Uani kwa baba mkubwa nilizima injini, nikakaa tu. Gari la mizigo likaingia nyuma yetu na madumu yake yamejaa. Baba mkubwa alishuka polepole. Hakulitazama gari wala hakutusalimu, alikwenda moja kwa moja ndani. Nikaona yaliyonitisha yametimia: limepanda, basi baba ni mwongo.

Nikamuuliza fundi wamezungumza nini njia nzima.

"Nilimwambia ni mi," akajibu. "Nilimwambia yote, tangu Bujumbura mupaka hapa. Hakunijibu hata moja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakupanda nasi. Hakuna aliyemtuma. Sijui nitamlipa nini mtu huyu.

Wakati wa hotuba ulipofika, baba mkubwa alisimama mbele ya ukoo wote. Tulingoja aseme habari za shamba la baba na za gari. Badala yake akasema kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Siku tulipomzika mama, mdogo wangu alikuwa njiani."

Akaomba chungu kiletwe. Akachomeka mrija wake, na wa pili kando yake. Kisha akamwita mama kwa mkono, akampa ule wa pili, akangoja mpaka ameinama, ndipo naye akainama.