Laini ya Mama

Dada yangu aliosha na kutengeneza vichwa vya watu kwa miaka kumi na tisa, mpaka dawa za nywele zikamla mikono. Vidole vilipasuka kwenye maungio, ngozi ikawa inabanduka, na asubuhi hakuweza hata kufungua mfuniko wa chupa. Daktari wa ngozi hakumung'unya maneno: aache saluni, la sivyo mikono hiyo haitapona. Dada alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akashika tama. Ana watoto wawili wanaosoma, na baba yao aliingia mitini zamani. Mimi ni karani wa masjala, na mshahara wa karani hauhitaji maelezo.

Wazo la kuuza vitu kwenye intaneti lilikuwa lake. Mimi nililicheka, na nilicheka kwa sauti.

"Utamuuzia nani? Huna hata duka."

"Karani," alinijibu, maana ndivyo alivyoniita tangu nipate kazi, "vichwa vyote nilivyoviosha vina midomo. Wewe kaa na mafaili yako."

Hakuwa na bidhaa yake mwenyewe. Alikusudia kunadi za wenzake: vigoda vya seremala wa mtaa wa nyuma, aproni za fundi cherehani, mikoba ya mama mmoja aliyefuma kwa mkono. Kila kitu kikinunuliwa, naye apate sehemu yake. Akatafuta vifaa kimoja kimoja. Simu yenye kamera nzuri, ya mkono wa pili lakini kioo kizima. Kistendi cha kuisimamisha, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa havishiki vizuri. Taa ya duara. Shuka jeupe la kutundika nyuma ya kigoda, ambalo Mama alilipiga pasi kana kwamba kigoda ndicho kinaolewa. Barua pepe hakuifungua. Alisema hana mtu wa kumwandikia barua.

Kisha akafungua ukurasa wa biashara, na ukurasa ukataka namba ya simu. Simu yake ilikuwa ikizimika kila mara kwa kuisha chaji. Simu ya Mama, ile ndogo ya vitufe, haikuzimika wala haikutoka chumbani. Akaandika namba ya Mama.

Basi kila alipotakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, namba sita zilitumwa kwa Mama, na Mama alizisoma kwa sauti toka kitandani.

"Saba. Tatu. Subiri nivae miwani."

"Mama, muda unaisha!"

"Waambie wangoje. Wana haraka ya kwenda wapi?"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mama alijiita mkurugenzi, na alidai kwamba bila yeye biashara ingelala. Alikuwa anasema kweli tupu, ila sisi tulidhani ni utani.

Miaka miwili baadaye ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu kumi na mbili. Oda zilikuja kutoka miji ambayo hatujawahi kuikanyaga. Seremala aliongeza msaidizi. Na mikono ya Dada ikapona! Nilimkuta siku moja amekaa kizingitini anashona kifungo cha shati la mwanawe, uzi unapita kwenye tundu la sindano bila taabu, nikajikuta namtazama kama mjinga.

Kisha Mama akafariki. Aliugua siku nne tu. Dada alivunjika kabisa, akawa hali wala hasemi. Mimi nikafanya kitu pekee ninachokiweza. Masjala kwetu faili la marehemu linafungwa ndani ya siku saba, asije mtu akalitumia vibaya, na mimi sijawahi kuchelewesha hata moja. Nikafunga mita ya maji iliyokuwa kwa jina lake, nikaihamisha kwangu. Nikafunga kadi yake ya kliniki. Nikafunga laini ya simu. Nilijaza fomu, nikaambatanisha nakala ya cheti cha kifo, nikatia sahihi, na nikaikata ile kadi ndogo ya laini kwa mkasi vipande viwili. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana. Dada hakuuliza, nami sikumwambia. Ukurasa ulikuwa wazi kwenye simu yake na ukaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Mwezi wa tano baada ya msiba, simu ya Dada ilimponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Haikuwaka tena. Akatafuta nyingine, akaandika nenosiri, na ukurasa ukamjibu kwamba umetuma namba sita kwenye laini ya Mama. Akaja mlangoni kwangu.

"Karani, simu ya Mama uliiweka wapi?"

"Simu ipo kabatini. Laini niliifunga."

"Uliifunga vipi?"

"Kama ninavyofunga vyote," nikasema, na nikajichukia kwa jibu hilo.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Binti wa dirishani alibofya, akasoma, akasema laini ilifungwa kwa ombi la familia, na wiki tatu zilizopita namba hiyo ilipewa mteja mwingine. Akageuza kioo cha kompyuta ili tuone. Sahihi yangu ilikuwa pale, safi, ile ninayojivunia. Dada aliitazama, akamshukuru yule binti, akatoka nje. Laiti angenitukana palepale, ningepata nafuu.

Nje tukaipiga namba ya Mama. Akapokea mwanamume. Dada akamweleza kwa unyenyekevu wote.

"Dada, hiyo namba ya siri sikupi," akasema yule mtu. "Kila siku tunatangaziwa tusimpe mtu."

"Ni kweli, kaka yangu, na mimi huwaambia wateja hivyohivyo. Lakini laini hiyo ilikuwa ya marehemu mama yetu."

"Na marehemu mnamtumia kutapelia? Hamna haya." Akakata, akatuzuia tusimpigie tena. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Tuliwaandikia wenye mtandao barua saba. Zote zilijibiwa na mashine: ingiza namba tuliyokutumia. Majina ya wateja, namba zao, mazungumzo yote, vilikuwa humohumo ndani. Kwa nje Dada aliona yale tu anayoyaona kila mtu. Watu waliuliza chini ya picha: dada, kigoda bado kipo? Mbona kimya, dada? Alikuwa akiwajibu kwa mdomo, peke yake, mbele ya simu. Ukimsikia unatamani kuziba masikio.

Hatimaye akapiga moyo konde. Akafungua ukurasa mpya, kwa laini yake na barua pepe yake safari hii, akaweka picha zilezile na maelezo marefu ya yaliyomfika. Wiki ya kwanza alipata wafuasi arobaini. Mimi mwenyewe nilikwenda kuandika chini ya ukurasa wa zamani kwamba huu mpya ndio wa kweli. Nikajibiwa kuwa na mimi ni mwenzake tapeli.

Ijumaa asubuhi ukurasa mpya haukufunguka. Palikuwa na mstari mmoja tu: umefungwa kwa kujifanya mtu mwingine. Dada akakimbilia ule wa zamani kuona kuna nini. Juu kabisa palikuwa na maneno ya mteja mmoja ambaye hatujawahi kumwona, na chini yake mioyo mingi myekundu.

Alinisomea kwa sauti. "Dada yetu mpendwa, kuna tapeli aliiba picha zako akafungua ukurasa kwa jina lako. Tumemripoti sisi wateja wako zaidi ya mia mbili, mpaka wakamfunga. Usiwe na wasiwasi, jina lako tunalilinda. Pumzika, tunakusubiri."

Akayasoma tena kimyakimya, midomo inacheza.

"Unaona wanavyonipenda," akasema.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa kwenye saluni ya binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, anaosha kichwa cha mtu.