Chaja Niliyoiunda Ndiyo Iliyounguza Nyumba, Si Mdogo Wangu

Usinionee huruma, ndugu msomaji. Kosa nililifanya kwa mikono yangu, kisha nikalifunika kwa kunyamaza.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikajifunza kuchomelea mageti hapa Makanyagio, Mpanda, ili niwalee wadogo zangu wawili, Neema na Deo. Kwenye matanga ya mama, ndugu walitaka kuwagawana. Nikasimama nikasema, "Hapa haondoki mtu. Nitawalea mwenyewe."

Baba mdogo akanijibu, "Sawa. Siku ukishindwa, nakuja kuwachukua."

Baadaye nikapata pikipiki ya umeme iliyotumika, niwe nabeba abiria jioni. Petroli haili, lakini kuchaji! Unachomeka asubuhi, mchana bado haijajaa. Kijiweni walinicheka mpaka basi. "Oya, mzee wa chaji! Abiria wako keshafika Sumbawanga kwa miguu!"

Nikasema nitawakomesha. Nikachukua transfoma ya mashine mbovu ya kuchomelea, nikaunda chaja yangu yenye nguvu. Ndani ya betri kuna kifaa kinachokata umeme ukizidi. Kikawa kinakata kila mara. Nikakiruka kwa waya, umeme upite bila kukatwa! Fyuzi nayo ilipoungua, nikaweka kipande cha waya mahali pake. Jamani, ujuaji!

Ikawa inajaa upesi ajabu. Wale wale walionicheka wakaanza kuniita fundi. Kichwa kikavimba.

Kwa kuogopa wezi tulikuwa tunaiingiza sebuleni, tunaichajia pale pale nyuma ya mlango. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Madirisha yote nilikuwa nimeyafunga kwa nondo, nilizichomelea mwenyewe, imara kweli kweli.

Mchana mmoja nikawa natoka kwenda Shanwe kupima geti la mteja. Nikamwambia Deo, wakati huo yuko kidato cha pili, "Chomeka pikipiki, jioni naingia barabarani."

"Kaka, lile boksi la chaja jana lilinuka kama plastiki inaungua."

"Chomeka bwana! Uoga wa nini?"

Akachomeka, akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Neema alikuwa chumbani, amelala na malaria.

Niliporudi nilikuta moshi umejaa na watu wanapiga kelele. Mlangoni ni moto mtupu. Majirani wanavuta nondo za dirisha, hazitikisiki! Ndani Neema anaita, "Kaka! Kaka!" Kila nikizivuta nilijua hazitang'oka, maana nazijua nilivyozichomelea. Ikabidi wanaume wavunje ukuta wa tofali za udongo kwa mtaimbo. Walimtoa akiwa hai, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeungua vibaya. Mpaka leo vidole vimeshikana.

Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Nani aliyechomeka?"

Deo, ndoo bado iko mkononi, akasema, "Mimi."

Baba mdogo alipofika kutoka Mpimbwe alimfokea mbele ya watu wote. "We mtoto, ulitaka kumuua dada yako?" Deo akanitazama. Ilitakiwa niseme neno moja tu. Nikatazama chini! Niliogopa nikisema, baba mdogo atasema nimeshindwa, atawachukua wote wawili.

Akamchukua Deo peke yake. Sasa mtoto yuko kwenye majaruba ya mpunga, shule ndiyo imeisha. Akiazima simu ananipigia.

"Kaka, Neema anaweza kushika kijiko?"

"Anajaribu."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe."

Mimi! Mimi ndiye nimemsamehe yeye!

Na Neema akisikia sauti ya Deo kwenye simu, anatoka nje. Nimebanwa kila upande. Nikisema ukweli, nampoteza Neema. Nikinyamaza, Deo anakua akijua yeye ndiye aliyemuunguza dada yake.

Juzi nilishindwa. Nilikuwa namkatia Neema nyama, nikamwambia yote, boksi, waya, na onyo alilonipa Deo. Nikajua atauliza kuhusu mkono wake.

Hakuuliza. Alisema, "Na ukamwacha aende?"

Kesho tunapanda gari kwenda Mpimbwe, mimi na yeye. Nitasema mbele ya baba mdogo, na mbele ya Deo. Baba mdogo akiamua kubaki na wote wawili, sitabisha. Nitarudi Mpanda peke yangu.

Nyie wenzangu mnaojua kuchomelea na kuunganisha, umeme wa betri haujaribiwi kwa ujanja, na kifaa kinachokata hakijakosea. Msichajie chombo kwenye mlango mnaoutegemea. Na kama kuna mdogo wako amebeba kosa lako, sema leo. Usingoje mpaka aanze kukuomba msamaha.